Shingo Iliyobaki

Njia iliyonifikisha kwenye kliniki ya akina mama mjini Buffalo, mimi mtu mwenye ndevu, ilianzia Uvira. Tulivuka ziwa watatu, mama, dada yangu Furaha na mimi, tukaingia Tanzania, tukapelekwa kambini. Humo kambini nikamaliza sekondari, na humo tukamzika mama. Kisha zikaja ndege, moja baada ya nyingine, na tukatua Louisville, Marekani, wakati wa baridi tumevaa makoti ya msaada, kila mmoja amekumbatia mfuko wa plastiki wa makaratasi tulioambiwa tusiuache hata tukienda chooni. Tukapewa nyumba upande wa kusini, si mbali na bustani ya Iroquois. Ningeweza kukaa pale. Furaha amekaa hadi leo. Miguu yangu mimi haijui kukaa. Nilikwenda Columbus, nikatoka Columbus nikaenda Buffalo, na kila mji niliouacha nimeupenda zaidi baada ya kuuacha.

Naandika haya kwa kuwa yaliyokuwa mabaya zaidi yamepita, na kwa kuwa najua siko peke yangu. Wapo wengine waliozaliwa wakaitwa wasichana, wakaishi hadi wakawa wanaume, wakapasuliwa kama nilivyopasuliwa mimi, na lugha yao ni hii yetu. Sijaona mtu aliyewaandikia. Mimi si daktari, kwa hiyo nitasema tu yaliyonipata.

Jina langu ni Bahati. Sikulibadilisha, maana kwetu ni jina la yeyote. Kiswahili kilinihifadhi kwa namna nyingine pia: kina "yeye" mmoja tu, hakiulizi zaidi. Yaya Furaha, kwani sisi watu wa Kivu mkubwa wako humwita yaya, aliniita "mudogo yangu" tangu utotoni na hakuacha. Hakuniita dada, na nilipoanza kuvaa na kuishi kama mwanamume hakuniita kaka. Kwa miaka mingi nilihesabu jambo hilo kuwa ukaidi.

Lakini kuna mahali lugha yetu haina huruma, nayo ni ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na hakuna katikati. Kanisani Louisville palikuwa na mama mmoja aliyeniuliza kila tukitoka ibadani, "Bahati, utaolewa lini? Tunataka kukula mucele ya ndoa." Siku moja nikamjibu, "Mama, mimi nitaoa." Alicheka hadi akashika ukuta. Yaya hakucheka. Tulipofika kwenye kituo cha basi akasema, "Bon. Umemuambia. Sasa utaenda wapi?"

Nilisikia kama ananifukuza. Leo nadhani alikuwa anauliza tu, kama mtu anavyomuuliza msafiri. Lakini sikumwomba anieleze. Kabla majira hayajageuka nilikuwa Columbus.

Columbus nilifanya kazi kwenye ghala la viatu. Huko nilianza sindano za homoni, na mwili ukaanza kunifuata. Sauti ilishuka kama mtu anayeshuka ngazi. Damu ya mwezi ilikatika. Ndevu zilitoka upande mmoja kwanza, na Wakenya wawili tuliofanya nao zamu moja wakaniambia ninyoe au ningoje, nisitembee na nusu. Baada ya miaka kadhaa nikaruhusiwa upasuaji. Nilichagua ule mdogo: wanitengenezee sehemu ya mbele, watoe kizazi, lakini ile njia ya zamani waiache bila kuifunga, kwa sababu kuifunga kungenilaza muda mrefu na kazi isingeningoja. Sijuti kwa upasuaji huo. Naomba hili lieleweke kabla sijaendelea. Majuto yangu yako kwingine.

Asubuhi baada ya kupasuliwa, daktari aliingia akasimama karibu na kitanda. Kiingereza changu kilikuwa cha ghalani, cha "inua" na "weka pale", kwa hiyo walileta simu, wakaiweka juu ya mto, na ndani yake mlikuwa na mkalimani, mwanamke mwenye lafudhi ya Tanzania.

"Daktari anasema kizazi kimetoka salama," alisema ile simu. "Ila kulikuwa na kushikana kwa ndani, kwa hiyo shingo imebaki."

Koo langu lilikuwa linawaka moto kwa sababu ya ule mpira waliokuwa wameuingiza kinywani nikiwa nimelala usingizi wa dawa. Nikajishika hapa, chini ya kidevu.

"Imebaki? Mungu asifiwe. Bila shingo hiki kichwa ningekiweka wapi?"

Mkalimani alicheka. Akamtafsiria daktari kitu, na daktari naye akacheka, akanigusa bega. Tulicheka wote watatu, na hadi leo sijui kila mmoja alikuwa anacheka nini.

"Anasema usisahau," ile simu iliendelea. "Hiyo shingo iwe inapimwa. Popote utakapokwenda kuishi, uwaambie wakupime shingo."

"Nitawaambia," nikasema.

Na niliwaambia. Hili ndilo linalonichoma kuliko kama ningezembea. Kila mwaka nilipokwenda kwa daktari wa kawaida nilisema kwa Kiingereza changu, "Shingo. Pima shingo." Daktari aliweka vidole viwili chini ya masikio yangu, akashuka navyo, akaniambia nimeze mate. "Shingo nzuri sana," alisema. Nilirudi nyumbani nimeridhika, mtu anayejitunza. Kambini vipaza sauti vilikuwa vikiwaita akina mama waje wapimwe "mlango wa kizazi", na ndilo jina nililolijua. Kama ile simu ingesema mlango, ningeelewa pale pale. Ilisema shingo, na mimi shingo yangu niliiona kila siku kwenye kioo nikinyoa.

Buffalo nilikwenda kwa sababu mtu aliniambia kuna mtaa unaoitwa Grant Street ambako utasikia Kiswahili kuanzia dukani hadi kwa kinyozi. Ilikuwa kweli. Nilipata kazi kwenye kiwanda cha plastiki, na chumba katika nyumba ya Papa Josué, mjane kutoka Fizi aliyekuwa pia kiongozi wa kwaya. Nyumba yake aliwapangisha wanaume wasio na familia tu, wote wa kanisani. Aliposikia sauti yangu alinipa chumba na nafasi ya besi siku ile ile. "Besi zangu zote zimeoa zikahamia Texas," alisema. "Wewe usioe haraka."

Nilikaa pale kwa furaha niliyoitambua ikiwa imekwisha. Tulikula pamoja, bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, tukifundishana nyimbo mezani kwa kugonga sufuria. Hakuna aliyejua chochote. Kwao nilikuwa Papa Bahati, yaani Baba Bahati, mwanamume asiyependa kusimulia mambo yake.

Theluji ya mwaka ule ilipoanza kuyeyuka, niliona damu.

Ilikuwa kidogo, ya rangi ya kutu, kwenye nguo ya ndani. Nilidhani nimejiumiza kwa kunyanyua mizigo. Wiki zilizofuata ikaja tena, ikaja na maumivu ya kiuno, na harufu ambayo sitaieleza. Nilikwenda kwenye zahanati ya dharura. Kitambulisho changu kinasema mwanamume, kwa hiyo walinitibu kama mwanamume anayekojoa damu: wakapima mkojo, wakanipa vidonge vya maambukizi. Sikuwasahihisha. Nilikuwa nimeambiwa kizazi kimetoka, na mimi niliamini kwamba upande huo wa maisha yangu umefungwa, hauna cha kuuma tena.

Vidonge vilikwisha, damu haikuisha. Nikawa nanunua pedi. Mama wa dukani pale Grant Street, Mkongomani mwenzetu, alizitia kwenye mfuko mweusi akinitabasamu.

"Ni za madame? Wanaume wengine wanasikia haya. Wewe uko bwana muzuri. Atakuzalia mapacha."

"Amina, mama," nikasema. Ningesema nini?

Mwishowe, majira ya joto yakiwa yameshaanza, nilirudi kwenye ile zahanati na kumwambia muuguzi mmoja mzee, taratibu, kwa maneno niliyoyakariri njiani, kwamba nilizaliwa na mwili wa kike. Hakushtuka. Aliandika, akapiga simu, akaniambia niende kliniki ya akina mama.

Kama ndiyo unakwenda kwa mara ya kwanza, jua kwamba ukumbi wa kungojea utakuwa hivi. Viti vya zambarau, picha za watoto wachanga ukutani, wanawake wenye matumbo makubwa wakijipepea. Utaingia na wote watainua macho kumtafuta mkeo. Mpokezi atakuuliza kama mkeo yuko ndani. Utasema mgonjwa ni wewe. Ataomba radhi, na kuomba kwake radhi kutasikika hadi kiti cha mwisho. Kaa. Hawatakuuma. Mimi nilikaa nikiwa nimejifunika uso na gazeti la matangazo ya nyumba, nikalisoma lote, na ningeweza kununua nyumba.

Kilichoniangusha kilikuja mlangoni mwa chumba cha daktari. Niliomba mkalimani, nikitegemea simu. Akaingia mtu: Mama Sifa, wa sauti ya pili kwenye kwaya yetu, mwanamke kutoka mji wa Baraka aliyekaa nyuma yangu kila Jumapili. Alikuwa na beji shingoni. Aliniona, nikamwona. Nikasimama kuondoka.

"Ikala, papa," alisema kwa sauti ya chini, akinionyesha kiti. Kisha akabadilisha Kiswahili chake kikawa cha kazi, cha vitabuni. "Mimi ni mkalimani wako. Nitatafsiri kila kitakachosemwa. Kinachosemwa humu hakitoki. Unaruhusu niendelee?"

Nilikaa, nikaitikia kwa kichwa.

Wakalimani waliofundishwa wana desturi yao: hawasemi "mgonjwa anasema". Wanasema "mimi". Kwa hiyo nilipoeleza, nilimsikia Mama Sifa, mke wa mtu na mama wa watoto sita, akimwambia daktari kwa Kiingereza bila kutetemeka: mimi ni mwanamume. Mimi natokwa damu. Mimi nilipasuliwa Columbus. Alikuwa anatazama ukuta. Hajawahi kuwapo mtu aliyenibebea maneno yangu namna ile, na mimi nilikuwa nasikia aibu tu.

Daktari, mwanamke mwembamba mwenye mvi, aliuliza kitu. Mama Sifa akatafsiri: "Ulipotolewa kizazi, mlango wa kizazi nao ulitolewa?"

"Sijui," nikasema. "Walisema shingo ndiyo iliyobaki."

Mama Sifa alifungua mdomo ili atafsiri, akaufunga. Akaniangalia mkono, kwa kuwa nilikuwa nimejishika chini ya kidevu.

"Papa," alisema, akisahau Kiswahili cha vitabuni, "ile shingo si hii. Shingo ya kizazi ni mulango. Ni kitu kimoja."

Nilielewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikaona vidole vya madaktari wote wale vikishuka kwenye shingo yangu, mwaka baada ya mwaka. Nikacheka. Mama Sifa naye akacheka huku machozi yakimtoka, na daktari akatungoja tumalize.

Sitaeleza kipimo chenyewe, ila hili lina faida: homoni zetu hukausha njia ile, na chombo huingia kama kisu. Nilipiga kelele, wakaacha. Walichokipata hakikutosha maabara. Nikapewa krimu ya homoni ya kike ya kupaka kwa wiki kadhaa ili pale palainike. Niliiangalia ile tyubu jioni ya kwanza nikaona kama mwili wangu unanirudisha nyuma. Haukurudi. Ndevu zilibaki, sauti ilibaki. Mara ya pili kipimo kiliuma kidogo tu. Omba krimu hiyo mapema, na uombe chombo kile kidogo kabisa. Mimi sikujua kwamba mtu anaweza kuomba.

Majibu yalikuwa saratani. Ilikuwa bado pale pale shingoni, haijasambaa mbali, lakini imekaa muda. Ingeonekana zamani, alisema daktari, ingekatwa kwa dakika chache na ningerudi kazini kesho yake. Sasa ilitaka mionzi kila siku ya kazi na dripu ya dawa mara moja kwa wiki, kuanzia majani yatakapobadilika rangi. Nilimuuliza kama nitapona. Mama Sifa alitafsiri jibu polepole: "Nadhani ndiyo. Siwezi kukuahidi."

Nyumbani nilimwambia Papa Josué nina kansa ya tumbo. Nikamwambia daktari amenikataza mizigo, naye akanikataza kushika sufuria yoyote nzito. Kila asubuhi niliikuta chai ya tangawizi mlangoni kwangu, imefunikwa sahani. Kwaya ilifunga na kuomba kwa ajili yangu. Mama Sifa alikuwa kwenye maombi hayo, ameshika mkono wangu kama wengine, na hakuna hata kope yake iliyosema kitu.

Yaya Furaha nilimpigia nikiwa nimeshaanza mionzi. Nilitaka kumwambia kwa ufupi. Nikasema, "Yaya, niko mgonjwa," akaniuliza niko wapi, "Uko fasi gani?" na kabla ya mwisho wa wiki alikuwa ameendesha gari kutoka Louisville, akipitia Columbus, na gunia la unga wa muhogo kwenye kiti cha mbele limefungwa mkanda kama mtu. Papa Josué alimpa chumba cha chini. "Ni dada ya mugonjwa," aliwaeleza wapangaji wengine, "si mwanamuke wa kukaa."

Alikuja nami kwenye mionzi. Ukumbi ule ni wa watu wote, wanaume wa tezi dume upande mmoja na wanawake wa ugonjwa kama wangu upande mwingine, na wote tulipaswa kunywa maji hadi kibofu kijae kabla ya kuingia. Mzee mmoja mweusi wa huko huko Buffalo alinyanyua glasi yake kila akiniona. "Sisi wanywaji," alisema. "Na wewe ni tezi?" Nilimjibu ndiyo. Alinifundisha kukunja vidole vya miguu ili nisijikojolee, na ilisaidia.

Siku ya kwanza ya yaya, muuguzi mgeni alitoka akaita jina langu, akaenda moja kwa moja kwake, akamshika kiwiko. Alimdhani ndiye mgonjwa, na mimi mumewe niliyemsindikiza. Yaya alitoa mkono wake.

"Si mimi," alisema kwa Kiingereza, na ukumbi wote ukasikia. "Ni he."

Wanaojua Kiingereza wanajua: hakina "yeye", lazima uchague he ya mwanamume au she ya mwanamke. Na wanaomjua yaya wanajua kwamba hachagui, anaokota. Mchungaji wetu wa Louisville alikuwa she kwa miaka. Mume wa jirani alikuwa she. Kwa hiyo sijui kama siku ile dada yangu alinitambua mbele ya watu, au ulimi wake uliteleza ukaangukia pazuri. Nilitaka kumuuliza tukiwa garini. Nilikuwa nimechoka, nimeshika mfuko wa kutapikia, nikasema nitamuuliza kesho. Sijamuuliza. Naogopa jibu la pili, na kwa kuliogopa nimejinyima la kwanza.

Mionzi ilinichoma ngozi ikawa nyeusi kama ya mkate ulioungua. Tumbo liliharisha hadi nikawa najua kila choo kati ya nyumbani na hospitali. Nilipungua, suruali za kiwandani nilizifunga kwa kamba. Yaya alinipikia uji, aliniosha mgongo, na hakuuliza kuhusu alichokiona. Baridi ilirudi. Na baridi ile ndiyo iliyoleta lile jambo la jikoni.

Sisi hatujui kusali moyoni. Kwetu anayesali kimya anadhaniwa amelala. Na tumefundishwa kumtajia Mungu ugonjwa kwa jina lake, asije akaponya mwingine. Alasiri moja nilikuwa nimelala kwenye kochi, siwezi hata kugeuka. Yaya alipiga magoti jikoni, akaanza. Alimkemea shetani wa Uvira, wa kambini, na wa Louisville. Kisha akapaza sauti: "Baba, unamujua mudogo yangu, ulimuumba wewe mwenyewe. Ondosha hii kansa ya kizazi. Ondosha ku mulango ya kizazi yake, kwa jina la Yesu!"

"Amina," sauti ya kiume ilijibu mlangoni.

Papa Josué alikuwa amerudi kutoka kazini mapema. Aliitikia kwa mazoea, kofia bado mkononi. Kisha nikamwona akiyarudia maneno yale kichwani. Aliangalia yaya, akaangalia kochi, akaangalia kofia yake. Yaya alibaki amepiga magoti, amejiziba mdomo kwa kitenge.

Papa Josué alinijia baada ya siku kadhaa, asubuhi, wengine wakiwa kazini. Chai alikuwa ameileta kama kawaida.

"Papa Bahati," alisema, na lile "Papa" lilimchukua muda kutoka. "Mimi sina neno na wewe. Mungu anaona. Lakini hii nyumba iko ya wanaume, na wale vijana wakisikia... Na kwaya... Donc, sijui."

"Nitaondoka, papa."

"Hapana! Nani amesema sasa?" Alikasirika kweli. "Mugonjwa hatolewi mu nyumba. Umalize dawa. Ukipona, ndiyo uende."

Basi tangu siku ile kupona kwangu kulikuwa na nyuso mbili. Nilikuwa naomba niishi, na nikiomba hivyo nilikuwa naomba nifukuzwe. Yaya alirudi Louisville kazini mionzi ilipokwisha, akilia kwa sababu ya maombi yake hadi nikamwambia Mungu angalau amesikia vizuri. Papa Josué aliendelea na chai. Hakuniita tena mazoezini, nami sikwenda. Niliwasikia wakifundishana mezani chini, nikaimba besi yangu kitandani midomo imefungwa. Mama Sifa alinipigia mara nyingi. Nilimjibu kwa ufupi, nikidhani kila neno zuri ni huruma. Nimemkumbuka kwa hamu sana tangu hapo.

Kwenye kipimo cha mwisho, miti ikianza kuchipua, yeye ndiye aliyekuwa mkalimani. Daktari aliongea, na Mama Sifa akasahau desturi ya kazi yake. Hakusema "mimi". Alisema, "Papa, umepona. Hakuna kitu. Imetoka yote." Kisha akanifundisha, pale pale, sentensi ya Kiingereza ya kuisema kwa kila daktari mpya kwa mdomo wangu mwenyewe: kwamba mimi ni mwanamume, kwamba niliachiwa shingo ya kizazi, kwamba ilikuwa na saratani, kwamba nipimwe. Niliirudia hadi hakunisahihisha tena. Ndugu yangu unayesoma, jifunze ya kwako. Na mtu akikuambia kitu fulani kimebaki mwilini mwako, muulize akuonyeshe kwa kidole.

Papa Josué alikuwa anakwangua kiatu ngazini niliporudi.

"Docteur anasema nini?"

Ningeweza kusema bado. Naapa neno lilikuwa limeshafika ulimini. Angeamini, na ningekaa hadi theluji nyingine, na nyingine, nikinywa ile chai. Nilikuwa nimechoka kuhama. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kukaa.

"Nimepona, papa," nikasema.

"Bwana asifiwe!" alisema, akasimama na kiatu kimoja, uso ukamwaka. Kisha ule mwanga ukamtoka taratibu, akaketi tena. "Bwana asifiwe," alirudia, akaendelea kukwangua mahali palipokuwa safi.

Yaya alikuja kunichukua Jumamosi. Safari hii nilikuwa nimetafuta daktari Louisville kabla ya kufunga mizigo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika mji wowote. Wapangaji wenzangu waliniaga kwa kelele, hawajui kitu, wakiniambia nirudi na mke. Nilikuwa na masanduku mawili, jepesi la nguo, ambalo yaya alikuwa ameshalitia garini, na zito la sufuria, vitabu na viatu vya Columbus. Niliinama kulishika lile zito. Papa Josué akanitangulia.

"Acha. Docteur alikukataza mizigo."

"Hiyo ilikuwa zamani, papa. Sasa naruhusiwa."

"Acha, nimesema."

Alilibeba mwenyewe, mtu anayenizidi umri kwa miaka ishirini, ngazi zote hadi chini, akisimama kila kona kupumua, mimi nikimfuata mikono mitupu. Alilitia nyuma ya gari, akalisogeza lisigonge, akafunga, akajaribu kama limefunga. Yaya alikuwa anatazama mbele tu, mikono kwenye usukani.

"Mukifika mupige simu," Papa Josué alisema.

Nikasema tutapiga. Alinipa mkono, akaushikilia kupita desturi kidogo, kisha akageuka, akaingia ndani akafunga mlango, na yaya akawasha gari.